Kitenge cha Kuzibia Joto

Devota alipofika Matogoro, pembeni mwa Songea, mwezi wa saba, hakumkumbatia mtu, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia kompyuta. Wala si zile nyembamba za kufungua na kufunga. Hii ilikuwa sanduku jeusi, zito kama debe la mahindi, limeviringishwa shuka la bweni. Alikuwa amelipakata kutoka Dar es Salaam hadi Songea, maana kondakta alitaka kulilaza chini ya basi pamoja na matenga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtue kwanza huyo mgeni, magoti yanakutetemeka," alisema bibi yake, Lidwina, akapangusa meza ya sebuleni kwa upande safi wa kanga yake.

Bibi Lidwina alikuwa na miaka sabini na miwili. Alisoma mpaka darasa la nne, akalea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja, na katika hao wote Devota ndiye aliyekuwa akimpashia maji ya kunawa bila kuambiwa. Basi chochote alichoomba Devota, Bibi alikuwa na jibu lake tayari: chukua.

Safari hii aliomba jambo dogo. "Hesabu zangu zinakwenda siku nyingi bila kusimama, Bibi. Kule bweni kila zikikaribia kuisha, mtu anachomoa waya apike wali. Nimekuja kwako kwa sababu hapa hakuna wa kuchomoa."

"Hapa hata panya hachomoi," Bibi aliahidi.

Kompyuta ikawekwa sebuleni chini ya picha ya Mtakatifu Antoni, ikaunganishwa na betri yake ya akiba, ikaanza kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alifikisha siku ya tisa, na kazi yake ilikuwa ileile, kunguruma.

"Hivi inafanya nini hasa?" Bibi aliuliza siku moja wakichambua maharage.

"Duniani joto jingi linapotea bure, Bibi," Devota alieleza. "Jiko lako la kuni, joto kidogo linaivisha ugali, lililobaki linapasha ukuta. Lori likipanda mlima wa Lukumburu, joto la injini linaishia hewani. Tanuri la matofali la Babu Isidori ndiyo usiseme. Sasa kuna vitu ambavyo ukivipasha moto upande mmoja, na upande wa pili ukauacha baridi, vinatoa umeme. Mimi natafuta kilicho bora."

"Vitu gani hivyo?"

"Zinaitwa oksidi. Ni metali iliyoshikana na hewa."

Bibi aliinua macho akatazama bati la paa la jikoni. "Kutu," alisema.

"Kutu ni mojawapo, Bibi, ila..."

"Basi nimeelewa."

Na kweli alielewa zaidi ya alivyodhaniwa, maana Devota aliposema kwamba oksidi nzuri lazima ipitishe umeme lakini izuie joto, Bibi alijibu hapohapo, "Kama chujio la togwa. Togwa inapita, machicha yanabaki." Devota alicheka, akachukua daftari lake, akayaandika maneno hayo kama yalivyo. Bibi alijifanya hajaona, lakini siku nzima alitembea mgongo umenyooka. Jumapili yake aliitangazia jumuiya kwamba mjukuu wake anasomea kutu, tena amefika mbali.

Habari zikamfikia Isidori. Isidori alikuwa jirani, fundi wa kuchoma matofali tangu ujana wake, mtu mwenye nyusi zilizoungua mara nyingi hata zikakata tamaa ya kuota. Alikuja kuiona kompyuta, akaizunguka mikono nyuma, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Humo ndani unachoma kwa joto gani, mjukuu?"

"Nyuzi mia saba, Babu."

Isidori alirudi hatua mbili, akaitazama dari. "Mia saba! Mimi kufika huko ninamaliza lori zima la kuni. Mbona meza haiungui?"

"Si moto wenyewe, Babu. Ni hesabu. Naiambia kompyuta, chukua kalisi, kobalti na oksijeni, zipange, halafu zipashe mpaka mia saba, uniambie zinatikisika vipi. Zikitikisika, ndivyo joto linavyopita."

"Kwa hiyo ni moto wa kuandika."

"Ndiyo."

"Mimi nikiandika kwenye karatasi kwamba tanuri limewaka, matofali yataiva?"

"Mwache mtoto, Isidori," Bibi alisema. "Matofali yako mwaka jana uliyachoma kwa moto wa kweli na bado yalitoka mabichi."

"Yalikuwa ya pembeni tu, dada. Ya pembeni tu!"

Ilipofika Jumamosi, Devota alikuwa na mambo mawili yaliyogongana. La kwanza, Jumatatu saa nne asubuhi walimu wake wangekaa kikao, na majibu ya hesabu yalitakiwa yawe yamemfikia profesa wake kabla ya saa hiyo. Yakichelewa, kikao kingine ni mwakani. La pili, alikuwa ameahidi kumsimamia mtoto wa binamu yake ubatizo Madaba siku ya Jumapili, na mtoto hawezi kuambiwa asubiri kobalti.

"Nenda," Bibi alisema. "Mimi nipo."

Devota alimwonyesha. Hesabu ilikatwa vipande mia mbili na kumi na sita. Kila kipande kikiisha, namba kwenye kioo inaongezeka moja. Asubuhi ile ilisoma 197. Kila kipande kilichukua muda wa saa mbili na nusu, hivyo vyote vingekwisha Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. "Usichomoe waya, usizime swichi, usimruhusu mtu abonyeze chochote. Ni hayo matatu tu."

"Hayo matatu tu," Bibi alirudia, akayahesabu kwa vidole.

Devota alipoondoka, Bibi alileta kiti chake, ungo wa maharage na kikombe cha bati. Alipanga kutia harage moja kikombeni kila namba ikipanda. Kumi na tisa yakitimia, kazi imekwisha. Saa nne na nusu akatia la kwanza. Saa saba la pili. Saa tisa na nusu la tatu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba, na baridi ya Julai ilikuwa inauma masikio. Lakini miguu ya Bibi ilikuwa na raha ya ajabu. Alipochunguza, akagundua kwamba nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu, na tunduni mlikuwa mnatoka hewa ya moto, shwaa, moja kwa moja kwenye vidole vyake.

Alifurahi kwa dakika tano. Ndipo akakumbuka mjukuu wake anasomea nini.

Isidori aliingia wakati huohuo na fungu la vijiti vya kuwashia moto, maana siku za baridi hakupita bila kumletea. Akanyoosha viganja nyuma ya sanduku. "Lo! Dada, hili joto linatoka wapi?"

"Humo tunduni."

"Linatoka tu?"

"Linatoka tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Siku ya tisa leo."

Isidori alishusha sauti kama yuko msibani. "Na mtoto anasoma miaka yote hii ili joto lisipotee?"

Walitazamana. Kisha wote wawili walilitazama tundu.

"Ndiyo maana anachelewa," Isidori alisema. "Mimi tanuri langu nisipolikandika udongo nje, joto lote linakwenda kwa majirani. Ya pembeni hayaivi ng'o. Ngoja nikalete udongo, ninao uliokandwa vizuri."

"Udongo hapana, Isidori! Hiki ni kitu cha chuo kikuu."

Bibi alikwenda chumbani akarudi na kitenge chake cha kwaya, kizito, kisichopitisha hata upepo wa mwezi wa saba. Akakikunja vizuri, akakisokomeza tunduni. Isidori akakisindilia kwa kidole gumba, kifundi, kona hadi kona. Halafu Bibi akaona si vibaya kuongeza blanketi juu. Hakuchomoa waya. Hakuzima swichi. Hakuna mtu aliyebonyeza chochote.

Muda si mrefu, mngurumo ule wa paka ukapanda, ukawa kama nyuki, ukawa kama mashine ya kukoboa.

"Umesikia?" Isidori alisema, uso unang'aa. "Limeshika moto. Tanuri likikandikwa ndivyo linavyoimba."

Harage la nne, hata hivyo, lilikawia. Lilifika saa mbili kasoro usiku. Bibi akalala akiamini kwamba kazi inayoiva haina haraka. Asubuhi namba ilisoma 203, akatia mawili ya usiku ule, yakawa sita, akaenda misa ya kwanza. Huko alimwomba Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vitu vilivyopotea, asaidie pia kwenye lile joto.

Aliporudi saa tatu na nusu, nyumba ilikuwa kimya. Kioo kilikuwa cheusi.

Bibi aliita, "Kompyuta!" Kisha akaona aibu, akaenda kumwita Shamimu.

Shamimu alikuwa mwanamke wa Tunduru, aliolewa Matogoro miaka kumi na mitano iliyopita, na aliuza barafu na maziwa mgando kutoka kwenye friji yake. Kila mfungo wa Ramadhani alimletea Bibi futari ingawa alijua Bibi hafungi. Alikuja mbio, akagusa sanduku, akauondoa mkono.

"Astaghfirullah! Bibi, hapa unaweza kukaanga chapati!" Alivua blanketi. Akachungulia nyuma, akavuta, kitenge kikatoka kidogokidogo, kinanuka vumbi lililoungua. "Nani amesindilia nguo humu?"

Isidori, ambaye alikuwa amefika kuulizia tanuri, alianza kusoma kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani.

"Mzee Isidori, nakuuliza."

"Lilikuwa linapoteza joto," alisema Isidori kwa kalenda.

"Ndiyo kazi yake! Mimi nilipoisukumia friji yangu ukutani ikanifia, fundi alinigombeza mpaka nikalia. Kitu kinachokula umeme lazima kipumue. Mmemziba pua!"

Bibi alikaa chini. Alikiangalia kikombe, maharage sita. Kumi na matatu yalikuwa bado kwenye ungo. Alichukua simu yake ya vitufe, akapiga Madaba.

"Imezima," alisema.

Upande wa pili kulisikika vigelegele na mtoto analia. Devota alisogea mbali na kelele. "Wewe hujambo lakini, Bibi? Umekunywa chai?"

Afadhali angefoka. Bibi alisema amekunywa, na hakuwa amekunywa.

"Basi usihofu. Ilichokwisha kuandika hakipotei. Iacheni ipoe, halafu bonyezeni kitufe cha mbele. Kioo kikiwaka, andika neno moja tu, *endelea*. Anza na e. Iwe ndogo."

Bibi aliutazama ubao wa herufi kwa muda mrefu. "Devota, hapa zote ni kubwa."

"Zikibonyezwa zinatoka ndogo, Bibi."

"Kwa nini wasiziandike ndogo basi?"

"Sijui, Bibi. Kwa kweli sijui."

Bibi aliandika kwa kidole kimoja, Shamimu akishika simu, Isidori akitafuta herufi kwa sauti kama mtu anayetafuta mbuzi: "D iko wapi? D, d... ile pale, karibu na S!" Saa tano kamili, sanduku likanguruma. Namba ikasoma 203.

Shamimu, mtu wa biashara, alipiga hesabu haraka kwa vidole. "Vipande kumi na vitatu, kila kimoja saa mbili na nusu. Vitakwisha kesho saa moja na nusu usiku, Bibi. Kikao saa nne asubuhi."

Isidori alivua kofia, akaishika kifuani.

"Jana asubuhi, kabla hatujaziba, lilikwendaje?" aliuliza.

"Kipande kimoja saa mbili na nusu, na joto linatoka," Bibi alisema. "Tulipoziba likawa saa nne."

"Basi joto ndilo linalolichosha. Tukilipoza kuliko jana, je, halitakimbia kuliko jana?" Alisema polepole, kama mtu anayeliona tanuri lake kwa ndani. "Mdomo wa tanuri huelekezwa kwenye upepo. Na chini lazima liwe na njia ya hewa. Hilo nalijua. Hilo sijawahi kulikosea, hata kwa yale ya pembeni."

Alikwenda akarudi na matofali manne, mazuri kabisa, yaliyoiva mpaka yanalia ukiyagonga. Kwa uangalifu, betri na waya vikifuata bila kuchomolewa, walilisogeza sanduku mpaka kwenye dirisha linalotazama mlima, wakalisimamisha juu ya matofali. Dirisha likafunguliwa lote. Upepo wa Matogoro ukaingia bila hodi. Shamimu akaleta sufuria kubwa ya barafu, akaiweka dirishani ili upepo upite juu yake kwanza, mbali na waya, maji yasije yakaurukia.

"Nilikuwa niuze hizi leo," alisema.

"Shamimu, mwanangu..."

"Nyamaza, Bibi. Nani ananunua barafu Julai?"

Waliketi watatu wamejifunika mablanketi, meno yanagongana, wakatazama namba. Ilipogeuka 204, Shamimu alitazama saa yake, akaitazama tena. Kipande kimechukua saa moja na dakika arobaini na tano tu. Isidori aliruka na blanketi lake akakanyaga ungo.

"Kwa mwendo huo," Shamimu alisema huku wakiokota maharage sakafuni, "ni kesho saa nne kasoro robo."

Devota alirudi jioni. Alisimama mlangoni. Sebule ilikuwa baridi kama kaburi, kompyuta yake imesimama juu ya matofali kama mtakatifu juu ya altare, na wazee wawili na mama mmoja wamejiviringisha mbele yake.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba. Funga mlango, joto litaingia!" alisema Isidori.

Bibi alitaka kusema pale pale. Alifungua kinywa, Devota akampa kipande cha keki ya ubatizo. Alifungua tena wakati wa kula, Devota akamwuliza kama miguu haimwumi. Kila wema uliongeza uzito, na Bibi akalala nao kifuani.

Asubuhi, saa tatu na dakika arobaini na tano, namba ilisoma 216. Bibi alitia harage la kumi na tisa. Devota alikuwa ameinama juu ya kibodi, vidole vinakimbia, na dakika tano baadaye akanyoosha mikono juu akapumua. "Imefika. Profesa amejibu, ameipokea."

"Ni mimi," Bibi alisema.

"Bibi?"

"Ni mimi niliyeziba. Nilitia kitenge tundu la nyuma, nikaweka na blanketi. Umeme haukukatika. Isidori alisindilia, lakini wazo lilikuwa langu."

"Lilikuwa langu," Isidori alisema kutoka dirishani, alikopita kuangalia matofali yake. "Tena nilitaka udongo."

Devota alitoka nje akarudi na kitenge cha kwaya, kimefuliwa, kimekauka, kimekunjwa. "Mashine inaandika joto lake lenyewe, Bibi. Jumamosi saa tisa na nusu alasiri lilipanda ghafla. Halafu jana nikakuta hiki nyuma ya mlango."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unahesabu maharage. Sikutaka upoteze hesabu."

Bibi alikipokea kitenge, akajifuta nacho macho.

"Sasa hiyo kutu yenyewe," aliuliza baada ya kujipangusa vizuri, "inafaa?"

Devota alikuna kichwa. "Umeme inapitisha vizuri. Ila joto nalo linapita mbio mno. Upande wa baridi unapata moto upesi, na umeme unakwisha."

"Kwa hiyo haifai?" Isidori aling'aka. "Siku kumi na moja na matofali yangu manne, ili kujua haifai?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Babu. Wengine hawatarudia. Na profesa alishasema ikitokea hivi tufanye nini. Tupenyeze ndani yake chembe nzito, zikae njiani, joto likitaka kupita ligonge hapo lichelewe."

Bibi Lidwina alimtazama mjukuu wake. Akakitazama kitenge mapajani mwake. "Yaani tuzibe njia ya joto."

"Eh... ndiyo, Bibi. Tuzibe njia ya joto."

"Isidori, umesikia? Profesa amekubaliana na sisi."

"Nimesikia, dada. Tulikosea tundu tu."

Devota alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipoweza kusema, aliuliza kama anaweza kukaa wiki nyingine mbili, maana hesabu mpya ilikuwa na vipande mia nne.

Bibi aliinuka, akamimina maharage kumi na tisa kwenye chungu cha mchana pamoja na mengine, akakirudisha kikombe kabatini. Kisha akamwita Shamimu kupitia uani, kumwomba amwazime ndoo ya kuhesabia mia nne.